Kaburi la Shubiri Moja

Waliofika Neemani hurudi na habari nyingi, na kila mmoja husimulia kwa kadiri ya macho yake. Mfanyabiashara atakutajia bei za kule, mwanasiasa atakusifia urefu wa majengo. Hii ni habari ya Semboja, mchimba visima, ambaye hakwenda Neemani kutazama chochote. Alikwenda kumwona dada yake.

Dada huyo, Sikudhani, aliolewa huko miaka ishirini iliyopita, mwaka uleule Neemani ilipogundua kwamba chini yake kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna shaba, na pembeni ya shaba kuna jiwe la buluu ambalo hakuna mwenyeji aliyejua kazi yake, ila wageni walilitaka kuliko vyote. Kwao milimani watu walisema Sikudhani ana nyota. Tangu hapo salamu zake, zilizoletwa na madereva wa malori, zilikuwa moja tu: "Sisi hatujambo, tunangojea." Hata mama yao alipougua na wakampelekea habari, jibu lilikuja hilohilo, likiongezewa neno "tunawaombea." Mama akafariki. Sikudhani hakuja. Semboja alikaa na jambo hilo kifuani miaka mitano, kama mtu aliyemeza kokwa.

Sasa ikaja habari kwamba shemeji yake, Kitwana, yu taabani. Semboja akajiambia kinyongo ni kinyongo, lakini mgonjwa ni mgonjwa. Akafunga mzigo wake.

Mpakani askari walimpokea kwa adabu sana. Wakamgeuza viganja, wakaona sugu.

"Kazi yako, bwana?"

"Nachimba visima."

Askari wakatazamana kama watu waliosikia tusi mbele ya wakwe zao. Mkubwa wao akachukua kijitabu, akamsomea Sheria ya Shubiri, ambayo watoto wa Neemani huijua kabla hawajajua kuhesabu: Kila kilicho chini ya shubiri moja kutoka uso wa ardhi ni mali ya wananchi wote; kwa hiyo hakuna mwananchi mwenye ruhusa ya kukigusa.

"Na wale?" Semboja aliuliza, akiashiria kwa kidevu ukuta mrefu ambao nyuma yake mitambo ilikuwa ikipanda na kushuka.

"Wale ni Wageni wa Chini. Si wananchi. Sheria haiwahusu."

"Hata mimi si mwananchi."

"Wewe ni mgeni wa juu," askari alisema kwa upole, akamnyang'anya jembe na mtaimbo, akampa stakabadhi yenye mhuri mzuri.

Semboja aliingia Neemani mikono mitupu. Alichokiona kwanza ni mashamba: mapana, tambarare, udongo mweusi wa kumfanya mkulima alie, na juu yake nyasi tu. Aliambiwa kwamba zamani watu walilima. Sheria haikukataza kupanda, hapana. Ilitaka tu mizizi isivuke shubiri. Wapimaji walikuwa wakipita na fito zao za shaba, zilizokatwa kwa kipimo cha kiganja cha Kiongozi wa kwanza, kilichonyooshwa toka gumba hadi kidole cha mwisho, naye alikuwa mtu wa viganja vidogo. Mahindi hayajui kusoma sheria. Msimu baada ya msimu mizizi ilikutwa na hatia, na mashamba yakang'olewa. Halafu malori yakaanza kuleta chakula cha nje, cha bei rahisi, na ikawa aibu kwa mtu wa nchi tajiri kuonekana ameinama. Wafinyanzi nao waliacha, kwa sababu udongo wao mzuri ulikuwa chini. Mafundi wengi wakaenda kuomba kazi ya kulinda ukuta.

Watu wenyewe walikuwa wema. Wakikutana husalimiana, "Habari za chini?" na jibu ni "Zinakuja." Kila mwezi uandamapo wana Siku ya Kusikiliza. Semboja aliikuta siku hiyo. Bomba kuu hupita chini ya mitaa yote kuelekea pwani, na siku hiyo familia hutandika mikeka, hulala kifudifudi na kutega sikio. Chini kunasikika mngurumo, kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Alimwona baba mmoja amemkumbatia bintiye wa miaka minne, mashavu yao yamelala ardhini, akimnong'oneza, "Unasikia, mama? Yako hiyo." Na mtoto akacheka kwa furaha. Semboja alitaka kucheka pia, akashindwa.

Nyumba ya Sikudhani ilikuwa ya vyumba viwili, bati limekula kutu. Ukutani palitundikwa Cheti cha Utajiri, kikieleza kwa herufi za dhahabu kwamba mwenye nyumba hii ni mmoja wa watu matajiri duniani, kwa wastani. Chini ya cheti hakukuwa na kiti.

"Shikamoo, dada."

Sikudhani alisimama mlangoni akimtazama, mkono mdomoni. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. "Marahaba," akasema. "Semboja. Umekuwa mzee kunishinda."

Alimpikia maharage. Semboja aliyatambua kabla hajaonja: maharage ya milimani kwao, madogo, yenye doa jekundu, ambayo majirani zake huyauza kwa madereva wa malori. Yalikuwa kiganja kimoja tu, na dada yake alisema ameshakula. Semboja alijua hakula. Akayagawa, wakala pamoja.

Kitwana alilala chumba cha ndani, juu ya mkeka uliotandikwa sakafuni. Alikuwa mkulima zamani, mrefu, na ugonjwa ulikuwa umemwacha mifupa na macho. Sikudhani alipokwenda kuchota maji, Kitwana akamwita Semboja karibu.

"Shemeji, una jambo na dada yako. Naliona."

"Sina jambo."

"Unalo. Sikiliza, maana mimi sina muda wa kuzungushana. Mama yenu alipougua, Sikudhani aliuza godoro na pete yake ya ndoa apate nauli. Akaenda mpaka mpakani. Wakamrudisha."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amevaa kandambili, na moja imeshonwa kwa waya. Ipo sheria: tajiri haruhusiwi kutoka nje ya nchi akionekana maskini. Ataliaibisha taifa. Wakamwambia aende akanunue viatu kwanza." Kitwana alipumzika kidogo. "Alikaa pale mpakani siku mbili akibembeleza. Aliporudi akaniapisha nisiwaambie ninyi. Anaona heri mseme ana roho ngumu kuliko mseme Sikudhani ana njaa."

 Semboja aliinama, akashika miguu ya shemeji yake iliyokuwa baridi, akaanza kuikanda taratibu. Ile kokwa ya miaka mitano ilikuwa ikimtoka kwa macho.

"Miaka ishirini nalisikia bomba likinguruma hapa chini ya mgongo wangu," Kitwana akasema, akipapasa sakafu. "Halijasimama hata siku moja. Nikifa, nizikeni shambani kwangu. Nimechoka kukaa juu yake kama kuku juu ya mayai ya mwenzie."

Siku ya tatu akafariki, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Hapo ndipo Semboja alipojifunza desturi nyingine ya Neemani. Kaburi huvuka shubiri, kwa hiyo kaburi ni uchimbaji, na uchimbaji unahitaji kibali. Wafu wanaosubiri kibali huhifadhiwa katika Nyumba ya Subira, jengo kubwa jeupe, lenye ubaridi, na ndilo jengo pekee upande wa raia ambalo umeme wake haukatiki. Wapo waliosubiri mwaka, wapo waliosubiri minne. Jamaa huwatembelea kila wiki na kuwapa habari za nyumbani. Jirani yao Bi Mkasi, mfinyanzi wa zamani, alikuwa na mume mle ndani mwaka wa pili. "Nimezoea," alimwambia Sikudhani akimfuta machozi. "Ila mtu hazoei kabisa."

Sikudhani hakutaka kuzoea. Kwa kuwa mdogo wake alikuwa mgeni, na Neemani husikiliza wageni haraka zaidi, walipata nafasi mbele ya Baraza wiki ileile.

Mjadala ulikuwa wa kina. Mjumbe wa kwanza alisema marehemu akishushwa futi sita atakuwa ameingia katika mali ya taifa bila kulipiwa ushuru, na jambo hilo litaigwa, litaenea. Mjumbe wa pili, msomi, alipinga. Alikumbusha kwamba mafuta yenyewe ni viumbe waliokufa na kufukiwa enzi na enzi. Kwa hiyo kila mwananchi anayezikwa ni akiba, na serikali ihimize mazishi, mradi ndugu watie saini kwamba hawatadai chochote baada ya miaka milioni tisini. Wajumbe wakapiga meza. Ikaulizwa Wageni wa Chini wana maoni gani. Mwakilishi wao, kijana mstaarabu mwenye kikohozi, alisema hawana pingamizi, ila mkataba wao na serikali hausemi kitu kuhusu makaburi. Na kwa kuwa mkataba ni siri, hawezi kuwaonyesha mahali ambapo hausemi.

Baada ya chai ukatolewa uamuzi. Baraza, kwa huruma, linaruhusu marehemu Kitwana azikwe shambani kwake, kwa kina kisichozidi shubiri moja.

 Sikudhani akasimama. Hakuwa amepewa ruhusa ya kusema, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkalisha.

"Waheshimiwa," alisema, "mume wangu alikondeana sana. Nilimwogesha mwenyewe, najua. Lakini hakukondeana mpaka akawa wa shubiri moja."

Mwenyekiti alikusanya karatasi zake. Kisha, bila kubadili uamuzi, akaahirisha kikao.

Njiani kurudi Sikudhani hakulia. Alitembea mbele, kandambili zikipiga visigino, na Semboja nyuma yake akiwaza. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kushuka. Alijua aina za udongo kwa kunusa, alijua jiwe linapokaribia kwa mlio wa mtaimbo. Humu alikuwa kama mvuvi jangwani. Akasimama katikati ya barabara.

"Dada. Shamba la shemeji ni kubwa kiasi gani?"

"Ekari tatu. Kwa nini?"

"Sheria imesema tusishuke zaidi ya shubiri. Imesema chochote kuhusu kupanda juu?"

Sikudhani akageuka. "Unasemaje?"

"Tunamlaza katika shubiri yake. Halafu tunakwangua shamba zima, shubiri moja, hakuna zaidi, ekari zote tatu ikibidi. Udongo wote tunamfunika nao. Kama hatuwezi kumteremsha, basi ardhi impandie."

Dada yake alimtazama kama alivyokuwa akimtazama utotoni, alipokuwa akirudi nyumbani na kitu cha ajabu mfukoni. "Tutakwangua kwa kitu gani? Jembe umenyang'anywa."

"Tuna mikono minne."

Kesho yake walimtoa Kitwana katika Nyumba ya Subira. Majirani sita wa kiume walibeba jeneza, dua zikasomwa, na akalazwa katika kitanda chake kifupi cha udongo, sanda yake ikionekana wazi juani kama mtu aliyejipumzisha kidogo baada ya palizi. Waliokuja kuzika walitazama pembeni. Halafu Semboja akapiga magoti, akapima kwa kiganja, akaanza kukwangua.

Sikudhani akamfuata na kifuu cha nazi. Kisha Bi Mkasi akavua khanga ya pili, akaitandika ya kubebea udongo. "Mimi na huu udongo tuligombana miaka mingi," alisema akiinama kwa shida. "Acha tupatane."

Wengine wakasita. Walikuwa watu ambao mikono yao haijagusa udongo miaka mingi, na wapo vijana pale ambao hawakuwahi kuugusa kabisa. Mwanamume mmoja alichota udongo, akaunusa, akabaki hivyo, uso ndani ya viganja. Mwenzake akamuuliza ana nini. "Unanuka kama baba," akasema. Basi akaingia kazini. Mchana walikuwa kumi na mmoja. Jua lilipoanza kuegemea walikuwa wengi kiasi cha kutohesabika kwa haraka: wenye sahani za bati, wenye masufuria, wenye Vyeti vya Utajiri waliovitoa kwenye fremu wakatumia mbao zake kukwangulia. Mikono laini ilichubuka. Watu walionyeshana malengelenge kwa fahari, kama watoto wanaoonyeshana meno yaliyong'oka. Sanda ikatoweka chini ya udongo. Tuta likafika magotini, likafika kiunoni, likampita Sikudhani kifuani.

Ndipo akaja Mpimaji.

Jina lake Bwana Mwinjuma, mtu mnene kidogo, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri na ufito wa shaba mkononi. Watu wakaacha kazi. Yeye hakumsalimu mtu. Alianzia kona ya shamba, akachomeka ufito, akainama, akasoma kwa sauti kama ilivyo desturi, "Shubiri." Akaenda hatua tano, akachomeka tena. "Shubiri." Alilipima shamba lote hivyo, na watu wakimfuata kwa macho, na kila aliposema neno lile sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo. Hakuna mahali palipovuka. Semboja alikuwa fundi.

Mwishowe akafika kwenye tuta. Akalitazama toka chini mpaka juu. Akainua ufito, kisha hakujua aupeleke wapi, maana haukuwa umetengenezwa kwa kupima kitu kinachokwenda huko.

"Nani aliyefikiri haya?" akauliza.

"Mimi," Semboja alisema, akajitokeza mbele. "Kama kuna kosa ni langu. Dada yangu amefiwa, mwacheni."

"Sijasema kuna kosa." Mpimaji alikuwa akikuna ufito wake kwa ukucha. "Nauliza kwa sababu..." Akakohoa. Akajaribu tena. "Mama yangu yuko pale Subira. Miaka mitatu na miezi minne. Nikimtembelea huwa namwambia mwakani, mama. Mimi ndiye mwanawe ninayepaswa kupeleka maombi, lakini mpimaji haruhusiwi kujiombea mwenyewe. Nimekuwa nikisubiri nistaafu."

 Nyuma ya ukuta mitambo ilipanda na kushuka.

Sikudhani alijifuta udongo usoni, akaupaka zaidi. Akamwendea, akamshika mkono ule uliokuwa na ufito.

"Shamba ni kubwa, Bwana Mwinjuma," akasema. "Mlete mama. Atakaa na Kitwana. Kitwana alikuwa anapenda watu wazima, alikuwa na subira nao."

Mpimaji alivua viatu vyake vya kazi, akavipanga pembeni sawasawa, akapiga magoti katika sare yake iliyopigwa pasi. Mikono yake haikujua la kufanya. Bi Mkasi ndiye aliyemwonyesha: vidole hivi, bwana, usikwangue kama paka, vuta kwako.

Katika siku arobaini zilizofuata Semboja hakuondoka. Alikaa matanga, akamwona mama yake Mwinjuma akifunikwa, na mume wa Bi Mkasi, na wengine ambao majina yao hakuyashika. Mashamba ya jirani nayo yalianza kukwanguliwa. Baraza likaitisha kikao cha dharura kujadili mali ya Juu ni ya nani. Msomi yule alisema ni ya wananchi wote, kwa hiyo wasiiguse. Lakini ikaonekana kwamba anga halina Wageni bado, hivyo mjadala ukakosa haraka. Mpaka leo, kama wasemavyo watu, wanaendelea nao.

Mvua za kwanza zilipodondoka, Sikudhani aliukusanya udongo uliokwanguliwa ukabaki bila kutumika, akaupandisha matuta marefu, hatua mbilimbili kati yake. Mizizi ya viazi ikikaa ndani ya tuta iko juu ya ardhi. Haina cha kuvuka. Mwinjuma mwenyewe alikuja kupima, akasema, "Sijaona shubiri," akaomba mbegu.

Asubuhi ya kuondoka Semboja alimkuta dada yake ameinama katikati ya matuta, peku, akichomeka marando ya viazi. Alikuwa amemnunulia viatu katika duka la kule ukutani: vyeusi, vyenye kisigino kidogo, vya kuvushia mpaka.

"Twende nyumbani, dada. Vaa hivi, hawatakuzuia. Ukamwone mama alipolala."

Sikudhani alinyoosha mgongo. Alivichukua viatu, akavigeuza, akatabasamu kwa ule uzuri wake wa zamani. Kisha akamrudishia.

"Mpe mkeo. Umekosea kipimo, mguu wangu umepanuka." Akaona uso wa mdogo wake, akamshika shavu kwa mkono wenye tope. "Nitakuja. Viazi vikikomaa nitakuja na gunia moja, niliweke kaburini kwake, kwa jinsi nilivyochelewa. Na nitakuja hivihivi, peku."

"Watakurudisha tena. Ile sheria ya matajiri..."

"Nitawaambia haiwahusu watu kama mimi. Mimi mkulima."

Naye akainama, akaendelea kupanda, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaribia na marando yalikuwa bado mengi. Semboja aliweka mzigo wake chini. Akakunja suruali, akaingia tuta la pili, wakapanda pamoja mpaka mvua ikawakuta.